Pimbi Aliyempandisha Kiboko Cheo

Wa barazani, mpo?

— Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

— Yote mawili.

Na matumbo?

— Tumeyaacha jikoni yachunge chungu.

Basi chungu kina mlinzi, nami nina wasikilizaji. Kaeni vizuri. Atakayesinzia amwegemee mwenzake, asiniangukie mimi.

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na dimbwi, na dimbwini alikaa Kiboko. Wengine wakiisimulia ngano hii husema alikuwa tembo. Si kweli. Alikuwa kiboko, dume, shingo yake imejikunja mara tatu. Na aliyemshinda hakuwa sungura, kama ninavyoona wengine mnafungua midomo kutaka kuniambia. Alikuwa pimbi, jike, mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia.

Mwaka ule mvua zilikatika. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Wanyama wa bonde wakakaa, wakakubaliana wale kikoa: kila nyumba ilete ilicho nacho, kipikwe chungu kimoja, kiliwe sinia moja, asife mtu kwa njaa huku jirani yake anapika. Swala akaleta kunde. Nungunungu akaleta mihogo, maana ni hodari wa kuchimba. Mzee Kobe akaleta mchicha wa ukingoni. Alianza kutembea nao alfajiri, akafika adhuhuri. Nyumba ya akina Pimbi ikaleta maboga. Kiboko akaleta ukubwa wake.

Maana bondeni palikuwa na adabu zake. Mkubwa ndiye anayenawa wa kwanza. Mkubwa ndiye anayemega wa kwanza. Mkubwa akisema ameshiba, wote wananyanyuka, hata yule ambaye tonge bado liko mkononi. Na mkubwa alikuwa nani? Kwa miaka, alikuwa Mzee Kobe. Gamba lake lilikuwa limeshaota kuvu kabla baba yake Kiboko hajazaliwa. Lakini Kobe alikuwa chini sana, macho ya watu yalipita juu yake. Kiboko alionekana tangu mbali. Ikawa yeye.

Basi kila adhuhuri sinia huletwa. Nungunungu humnawisha Kiboko. Kiboko hufungua kinywa, gwaa. Hukifumba, gubu. Sinia tupu. Kisha husema, "Nimeshiba, tumshukuru Mungu." Wote hunyanyuka, wakamshukuru Mungu, wakaenda nyumbani kulamba mikono ambayo haikushika kitu.

Siku hizo Pimbi hakuwapo. Misimu saba nyuma alikuwa ametoka kwenda kutafuta chumvi ng'ambo ya majabali, akafika nchi ya nguchiro, akabaki huko.

Nchi ya nguchiro ina mambo yake. Kule hakuna kuamkiana. Mkikutana mnanusana pua, mnaitana majina, basi. Mtoto akimkuta bibi kizee amelala njiani humwambia, "Fulani, nipishe," na bibi humpisha, wala hakuna anayeshika mdomo. Siku za mwanzo Pimbi aliona haya mpaka masikio yakamuwasha. Siku za kati akazoea. Siku za mwisho akaonja raha ya kusimama wima mbele ya mtu yeyote bila kupiga goti. Ila msimu wa tano alipougua homa, alilala siku nne peke yake. Si kwamba nguchiro walimchukia. Walipita mlangoni, wakamwita jina, akaitika, wakajua yu hai, wakaenda zao. Kule hakuwa shangazi wa mtu wala mtoto wa mtu. Alikuwa Pimbi tu. Siku ya nne alitamani hata jirani mmoja wa kwao, yule wa kugombeza, aingie bila hodi amwambie, "We mtoto, umekunywa uji?"

Msimu wa saba Njiwa akamletea habari: dada yake amefariki, ameacha watoto watatu, na mama yake amekonda hata upepo ukivuma hushika nguzo. Pimbi hakuaga mara mbili. Akatembea siku saba, akafika.

"Mama," alisema alipomwona, "mbona umebaki macho?"

"Macho ndiyo yaliyokuwa yanakungoja, mwanangu," alisema Mama Pimbi. "Pumzika. Kesho twende kikoa, ukamwamkie mkubwa."

Kesho yake wakaenda. Pimbi akakaa, mama yake kulia, watoto wa marehemu kushoto, na mdogo wao, Kidawa, mapajani. Sinia ikaletwa inafuka moshi. Juu ya ugali wa muhogo na kunde lilikuwa limewekwa boga la kwao, la manjano, limepasuka kwa kuiva. Pimbi akamtazama mama yake, akamwona anameza mate. Akawatazama watoto, wanameza mate. Akasahau yuko nchi gani.

"Kiboko, habari za leo," alisema. "Naona boga letu limeiva vizuri." Akanyoosha mkono, akamega.

Miiba ya Nungunungu ikasimama, chwaa.

"Nani anaongea huko chini?" Kiboko aliuliza.

"Ni mtoto wa akina Pimbi, mkubwa. Amerudi," alisema Nungunungu.

"Umesikia ameniitaje?"

"Amekuita jina lako, mkubwa. Bila kitu mbele yake."

"Na mkono wake uko wapi?"

Nungunungu akainama kutazama. "Ulikuwa siniani, mkubwa. Sasa unarudi na boga."

Kiboko hakupandisha sauti. Wenye nguvu hawana haja. Alisema, "Kuanzia leo nyumba ya Pimbi isile kikoa, mpaka huyu aje dimbwini aniamkie na mimi niridhike. Maboga yaendelee kuletwa. Boga halijanikosea."

Kisha akafungua kinywa, gwaa. Akakifumba, gubu. Sinia tupu.

Nyumbani Mama Pimbi akajinyoosha mkekani, akageukia ukuta.

"Mwanangu, huko ulikokaa walikupa ulimi mwingine?"

"Walinipa, mama. Na ule wa zamani ninao. Nilifungua mdomo ukatoka uliokuwa karibu."

"Bora ungefunga."

"Kwani mama, kumwita mtu jina lake ni tusi?"

"Si tusi. Ni kama kuingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi."

"Na kula chakula cha watoto watatu wenye njaa, ni kama nini?"

"Hilo hapa bondeni halijapewa jina," alisema Mama Pimbi.

Pimbi akafikiri kuwachukua wote awarudishe kwa nguchiro. Lakini safari ilikuwa ya siku saba, na mama hakuweza kutembea hata kufika kisimani. Akafikiri kwenda kuomba msamaha yaishe. Lakini akisamehewa, watarudi wapi? Watarudi kukaa mbele ya sinia tupu kwa heshima. Alikuwa bado anafikiri pale Kidawa alipomvuta nguo.

"Shangazi, ulipokuwa mdogo kama mimi ulikuwa ukimwamkia nani?"

"Kila mtu."

"Hata bibi yako?"

Kutoka mkekani ikasikika sauti kama kikohozi. Alikuwa mama anacheka. "Huyu? Amwamkie bibi yake? Huyu alikuwa akimtoa bibi yake tonge mdomoni. Mama yangu akitaka kula boga, huyu anamwambia, 'Mke mwenzangu, una meno mawili tu, boga la nini?' Analibeba. Na mama yangu anacheka mpaka anapaliwa. Angenifanyia mimi hivyo ningemchapa."

"Mbona yeye hakumchapa?"

"Amchape vipi, na ni mtani wake? Bibi, babu na wajukuu ni watani, ndivyo tulivyokuta. Baba humtazami usoni. Babu unampanda mgongoni."

Pimbi akanyanyua kichwa. "Mama, Kiboko alikuwa na babu?"

"Babu atoke wapi? Viboko madume hawakai dimbwi moja. Baba yake alimfukuza babu yake, naye akamfukuza baba yake. Amekua peke yake kama jiwe."

"Basi hajui," alisema Pimbi, na usingizi ukamchukua kwa mara ya kwanza tangu afike.

Siku ya kwanza Pimbi akaenda dimbwini. Akapiga goti, akainama, tumbo likagusa tope.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema Kiboko. Kisha akafikiri. "Kaka? Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja? Ongeza."

Pimbi akarudi nyumbani. Siku hiyo walikula majani machungu ya jabalini.

Siku ya pili akaenda. Akapiga goti, akainama, tumbo likagusa tope.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akafikiri. "Mjomba ni mtu wa kuombwaombwa. Mjomba naomba chumvi, mjomba naomba kunde. Sitaki. Ongeza."

Pimbi akarudi nyumbani. Siku hiyo majani yalikuwa yamekwisha, wakatafuna mizizi yake.

Siku ya tatu, alipotoka, mama yake hakuweza kuinua kichwa kumuaga. Pimbi akaenda mbio mpaka dimbwini. Akapiga goti, akainama, tumbo likagusa tope.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahabaaa," alisema Kiboko, akaivuta mpaka mapovu yakatoka majini. Akafumba macho. Ilikuwa imemwingia.

"Imetosha, mkubwa?" Nungunungu aliuliza.

Hapo Pimbi angeweza kunyamaza. Kiboko angesema imetosha, na adhuhuri hiyo nyumba ya Pimbi ingerudi kwenye sinia, ikae, itazame, inyanyuke. Hata hivyo alisema, kama mtu anayejisemea:

"Imetosha kabisa, baba mkubwa. Kimebaki kimoja tu juu yake, na hicho afadhali tusikitaje."

Kiboko akafungua jicho moja. "Kwa nini?"

"Ni kikubwa mno. Tangu wazee wetu walipoondoka hakijapata mwenyewe hapa bondeni. Mwenye cheo hicho, hata baba mkubwa akimwona humwamkia."

"Nungunungu, ni kweli hayo?"

Nungunungu alikuwa mtu wa kufuata adabu herufi kwa herufi, na uongo hakuuzoea. Alihesabu ukoo kwa vidole, akapanda mpaka juu. "Ni kweli, mkubwa. Babu huamkiwa na baba mkubwa."

"Na mimi nimefichwa siku zote hizi?"

"Hakuna aliyekuficha, mkubwa. Hakuna aliyethubutu."

"Nakitaka," Kiboko alisema.

"Hakichukuliwi hapa majini, baba mkubwa," alisema Pimbi. "Hutolewa mbele ya wote, na mwenyewe akikubali kwa kinywa chake."

"Kinywa ninacho," alisema Kiboko, na hilo hakuna aliyembishia.

Kesho yake adhuhuri wakakusanyika wote. Pimbi alimbeba mama yake mgongoni, watoto wa marehemu wakabeba mkeka, wakamlaza kando ya sinia. Kiboko alitoka majini akakaa kitako juu ya nyasi, maji yakimchuruzika. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Siku hiyo maboga yalikuwa mawili.

Pimbi akasimama katikati. "Baba mkubwa, wakubali kuwa babu wa bonde hili?"

"Nakubali."

"Babu wa wakubwa na wa wadogo?"

"Nakubali."

"Babu siku ya shibe na siku ya njaa?"

"Nimekubali, sinia inapoa."

"Basi jamani," alisema Pimbi, "mwamkieni babu yenu."

Wakamwamkia. Shikamoo babu. Marahaba. Shikamoo babu. Marahaba. Swala akapiga goti. Nungunungu akapiga goti, miiba yake ikagusa nyasi. Hata Mzee Kobe akanyoosha shingo, akasema, "Shikamoo babu," na Kiboko akamwitikia pasipo kuona haya. Kisha Nungunungu akamnawisha. Kisha Kiboko akafungua kinywa, gwaa.

Pimbi alijua neno moja likikaa vibaya watafukuzwa bondeni leo hii, na mama yake ni wa kubebwa. Akatembea mpaka chini ya pua ya Kiboko, akalichukua boga moja zima, akalikumbatia.

"Mume wangu," alimwambia, "maboga yote mawili na tumbo lote hilo? Niachie mimi mkeo, nami ninenepe, watu wasikucheke umeoa kijiti."

"Umesemaje?" aliuliza Kiboko. Kinywa kilikuwa bado wazi, na sauti ilitoka humo kama ndani ya pango.

Pimbi akawatazama wenzake. Swala alikuwa anatazama kwato zake. Mama yake alikuwa amefumba macho. Boga lilianza kuwa zito.

Ndipo ukasikika mkwaruzo. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Alikuwa Mzee Kobe, anatoka nyuma kabisa alikozoea kukaa. Wote wakamngoja, maana hakuna njia ya kumharakisha Kobe. Akapita kwa Swala, kwaru. Akapita kwa Nungunungu, kwaru. Akafika mbele ya Kiboko, akainua shingo yake yenye makunyanzi.

"Babu," alisema huyo mzee kuliko wote, "umekaa hapo kama jiwe la kufulia, na sisi wajukuu zako hatuoni chakula. Hebu jisogeze."

Akamega ugali, akatia mdomoni, akaanza kutafuna polepole kama anavyofanya kila jambo.

Kikohozi kikatoka mkekani. Mama Pimbi alikuwa anacheka. Swala akajizuia, akashindwa, akacheka kwa pua. Wakafuata wengine, kwanza wakiwa wameziba midomo, kisha bila kuziba.

"Nungunungu," Kiboko alisema, "wafukuze hawa."

Nungunungu akajikuna. Akatazama juu, akatazama chini. Ule ukoo alioupanda jana kwa vidole, leo ilibidi aushuke.

"Babu, nashindwa," alisema. "Mjukuu na babu ni watani. Mtani hafukuzwi. Kwenye utani, anayekasirika ndiye mwenye kosa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, babu. Mimi mwenyewe nilimtilia babu yangu majivu kwenye uji."

"Akakufanya nini?"

"Aliunywa. Akasema leo chumvi imekolea."

Mtu aliyekua peke yake kama jiwe hana pa kuyaweka maneno kama hayo. "Basi nirudishieni ubaba mkubwa," alisema Kiboko.

"Inawezekana," alisema Pimbi. "Simama tu, useme mbele ya wote kwamba ubabu umekushinda."

Kiboko akawatazama wote, mmoja mmoja. Wote walikuwa wanamtazama. Hakusimama.

"Nilijua," alisema Pimbi. "Sasa babu apakuliwe wa kwanza, kama ilivyo heshima." Akamletea bakuli dogo la uji wa muhogo, laini, usio na hata donge. "Wako huu, babu. Kwa ajili ya meno."

"Meno yangu ni mazima."

"Mababu wote husema hivyo," alisema Mzee Kobe, na ugali mdomoni.

Kiboko akafungua kinywa, gwaa. Akakifumba, gubu. Bakuli tupu. Na kabla hajasema ameshiba, wenzake walikuwa wamekwisha kuizunguka sinia. Mihogo ikaliwa na aliyeichimba. Kunde zikaliwa na aliyezileta. Pimbi hakula mwanzo. Alikaa mkekani, akimlisha mama yake boga kipande kwa kipande, na mama yake akila kwa macho yaliyofumbwa, rojo ya manjano ikimshuka kidevuni. Pimbi aliifuta kwa kidole, akailamba.

Shibe ikampa Kidawa ujasiri. Watu walipogeuka walimkuta yuko juu ya mgongo wa Kiboko, kwenye mkunjo wa tatu wa shingo, anamtoa kupe.

"Babu," alisema Kidawa, "unanuka dimbwi."

Ngozi ya Kiboko ikatikisika. Kutoka tumboni mwake ikatoka sauti: ho. Kisha tena: ho, ho. Kisha ikawa nyingi, ikatikisa chungu na sinia, na wanyama wote wakakimbia wakajificha, wakidhani sasa amekasirika kweli. Walichungulia kutoka majanini. Kiboko alikuwa anacheka. Hakujua kama anayo sauti hiyo. Alionekana mwenyewe kushangaa. Maana tangu alipozaliwa hakuna aliyewahi kumgusa mgongo isipokuwa kwa meno.

"Mbona umeacha?" alimuuliza Kidawa, ambaye alikuwa ameganda. "Hapo hapo. Kushoto kidogo."

Ndiyo sababu mpaka leo mkienda bondeni mchana mtamkuta kiboko ametulia, na ndege na wadudu na watoto wa wanyama wamempanda mgongoni, naye amefumba macho. Na ndiyo sababu hula nyasi zake usiku, peke yake. Bakuli la uji halimtoshi, lakini anaona aibu babu mzima kuonekana akitafuna kiasi kile.

Mvua zilinyesha mwezi uliofuata. Mama Pimbi akanenepa, akarudi kugombeza majirani. Nungunungu aliendelea kushika birika la kunawisha, ila sasa aliwanawisha kwa zamu, na akawa anazifuata zamu hizo herufi kwa herufi. Pimbi naye alikuwa na desturi mpya ambayo watu waliisema sana. Kila asubuhi alikwenda kwa Mzee Kobe, akampigia goti na kumwamkia vizuri. Kisha alisimama wima, akabishana naye mpaka jua likapanda: kuhusu mipaka ya mashamba, kuhusu mvua, kuhusu nani alizaliwa lini. Watu wakamuuliza, "Wewe Pimbi, unamheshimu mzee au humheshimu?"

"Nisingemheshimu ningebishana naye?" alisema Pimbi. "Ningemwitikia tu."

Siku moja chakula kilikuwa nyumbani, boga la mvua mpya. Pimbi alikwenda kunawa, na aliporudi alimkuta Kidawa ameshaanza, mashavu yamejaa. Pimbi akasimama. Uso ukamwaka moto. Ulimi wa zamani ukajileta wenyewe.

"Kidawa. Unaanza kula kabla yangu? Hujui mimi ni nani?"

"Najua," alisema Kidawa. "Wewe ni shangazi." Akameza, akamtazama shangazi yake kwa adabu sana. "Au unataka nikuite bibi?"

Pimbi akakaa chini. "Kula, mwanangu," alisema. "Shangazi inatosha."

Basi wa barazani, funzo la ngano hii ni hili. Mkubwa aheshimiwe. Jina lake lisitajwe kavu. Mkono wa mtoto usitangulie kwenye sinia. Pimbi aliyavunja yote matatu akapata boga, lakini huyo alikuwa mnyama, tena hakuwa na mkia, na ninyi msimuige. Mkimkuta mkubwa asiyeshiba, msigombane naye. Mpeni heshima. Akisema haijatosha, ongezeni.

Mzigo wa ngano nimeutua.

— Tumeupokea.

Kama umepungua njiani, ujazeni mtakapowasimulia wajukuu wenu. Na atakayeniita jina kesho asubuhi, uji hapati.